Msimamizi wa Pekee Hawezi Kuondolewa

Kwa Ndugu Watengenezaji wa programu huria ya barua pepe,
Popote mlipo.

YAH: MAONI YANGU KUHUSU UKURASA WA MSIMAMIZI, PAMOJA NA OMBI LA KUONDOLEWA

Natumaini barua hii itawakuta wazima na mmeketi vizuri. Nasema mmeketi vizuri kwa sababu kwetu ni mafundi wa makochi, na hilo ndilo jambo la kwanza tunalomtakia mtu.

Nimesoma tangazo lenu kwamba mnapanga upya ukurasa wa mipangilio na kazi za msimamizi katika toleo lijalo, na kwamba watumiaji wote wanakaribishwa kutoa maoni kwenye ukumbi wenu wa mazungumzo mtandaoni. Nilifika ukumbini. Nikakuta watu wengi wanazungumza kwa kujiamini, nikasoma, nikaondoka kimya kimya bila kugusa kitu. Hata darasani, nikijua jibu nilikuwa namwandikia jirani yangu kwenye karatasi, yeye ndiye ananyoosha mkono. Kwa hiyo mnisamehe kwa kuleta maoni yangu kwa barua.

Kwanza nijieleze. Nimemaliza shule mwaka huu. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana karakana ya kutengeneza makochi. Wateja wa maofisini walianza kukataa kuagiza viti kwa fundi asiye na anwani ya barua pepe yenye jina la karakana yake. Mmoja wao akamwambia Mjomba kwamba kuna programu huria, tena ya bure. Mjomba akayapenda maneno yote mawili. Akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiweka kwenye pembe ya meza ya kukatia vitambaa, akaniita mimi niliyekuwa nimekaa tu nyumbani. Nikafuata maelekezo yenu hatua kwa hatua, na programu ikakubali. Mwishoni ikaandika kwa herufi kubwa: "Hongera! Wewe sasa ni Msimamizi." Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaisoma kwa sauti, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Nayataja kwa namba ili yasiwachanganye.

1. Jina la cheo. Ninyi mlimaanisha msimamizi wa barua pepe. Sisi hayo maneno "wa barua pepe" hatukuyaona popote. Mjomba aliitangazia karakana nzima kwamba mimi ndiye msimamizi na kwamba hata kompyuta imethibitisha. Wiki hiyohiyo dereva wa gari letu la mizigo, tunayemwita Honi kwa sababu hajui kubisha hodi, alikuja kuniomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Nilimwambia mimi sina mamlaka juu ya meno. Akasema sawa, lakini akaendelea kusimama palepale ameshika shavu mpaka nikaitikia kwa kichwa. Mama Mdogo, ambaye ndiye mkataji wetu wa vitambaa, akaleta shitaka kwamba Mjomba anauchukua mkasi wake na kukatia sponji. Kisha akaja mteja ambaye kochi lake lilivunjika mguu likiwa limekaliwa na wakwe zake. Alikuwa amefura. Karakana nzima ikanyoosha vidole upande wangu: "Mwone msimamizi, ni yule binti anayejificha nyuma ya sponji." Nilikuwa sijifichi. Nilikuwa nimekaa tu upande ule.

Naomba cheo hicho kibadilishwe. "Mtu wa Mipangilio" kingetosha. "Aliyekuwa Karibu na Kompyuta Siku Ile" ni kirefu kidogo, lakini ndicho cha kweli.

2. Kupanga watumiaji kwa alfabeti. Orodha yetu ilitoka hivi: Bibi, Honi, Mama, Mama Mdogo, Mjomba, halafu Msimamizi, yaani mimi. Bibi kuwa juu hakuna aliyepinga. Ndiye aliyewazaa Mjomba, Mama na Mama Mdogo, na Honi mwenyewe anamwogopa. Lakini Mjomba aliiangalia orodha kama anavyoangalia kiti kilichopigiliwa upande, akauliza Honi alipanda cheo lini. Nikamweleza habari ya alfabeti. Akasema alfabeti anaijua, aliisomea. Anachotaka kujua ni nani aliyeiruhusu iingie kwenye karakana yake. Ikabidi nimsajili upya kwa jina la "Aaa Mjomba".

Sasa mteja akiletewa bei za viti na mtu anayeitwa Aaa Mjomba, anadhani mzee anasikitika. Mmoja aliongeza kiti kwenye oda yake, akaandika kwamba hakutaka kumvunja moyo. Tangu hapo Mjomba hataki kusikia habari ya kurudishiwa jina lake. Na Bibi sasa yuko chini ya mwanawe, jambo ambalo sijathubutu kumwonyesha. Naomba muweke kitufe cha kupanga watumiaji kwa ukubwa, kwa maana ya nani alimzaa nani.

3. Nafasi ya kuhifadhia barua. Niliwagawia watumiaji wote sawasawa. Mama Mdogo akaijaza yake kwa picha za vitambaa, mstari wake ukawa mwekundu, na wa Mjomba ukabaki kijani. Aliniambia kwa upole kwamba nilikuwa mtoto mzuri sana kabla sijapata madaraka. Naomba rangi hizo ziondolewe.

4. Neno "Taka". Sijui ni nani kati yenu aliyechagua neno hili kuwa jina la sanduku la barua zinazotiliwa shaka, lakini naamini hana mama mdogo. Wangu alimwandikia Mjomba kuhusu mkasi, kwa herufi kubwa zote na alama za mshangao nyingi, kwa sababu ndivyo anavyozungumza. Programu ikaona ni utapeli, ikaipeleka Taka. Alipogundua barua yake ilipolala, alimaliza siku nzima akimwita Mjomba "wewe uliyenitupa". Mjomba anajitetea, "Sikukutupa mimi, imekutupa mashine!" Naye anajibu, "Mashine ya nani?"

Siku chache baadaye Mama Mdogo mwenyewe akapokea barua inayosema ameshinda gari, bonyeza hapa. Akabonyeza. Gari halikuja, lakini alikuwa ameshamwambia Honi aanze kufikiria kazi nyingine. Baada ya aibu ile akanisimamia mpaka nikaweka sharti kwenye mipangilio kwamba barua yoyote yenye maneno "bonyeza hapa" iende Taka moja kwa moja, hata kama imetoka kwa nani. Kila asubuhi anakuja na kikombe chake cha chai kuhakikisha kwamba sharti bado lipo.

Mtu pekee ambaye Taka haimsumbui ni Bibi. Yeye hasomi barua nyingine isipokuwa za Taka. Hata nyumbani hakuna uchafu unaotoka bila yeye kuupekua kwanza. Ameshaokoa vijiko, vifungo, na cheti changu cha shule. Anakaa juu ya kochi lolote linalosubiri kuvishwa, anavaa miwani, ananiambia nimfungulie Taka, na anasoma neno kwa neno. Kuna bwana mmoja aliyemwandikia kwamba marehemu baba yake ameacha mali nyingi na anatafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia kuitoa benki. Bibi alimjibu akampa pole ya msiba, akamuuliza kama mama yake yupo hai na nani anamwangalia. Yule bwana hajagusia benki tena. Siku hizi anauliza habari ya goti la Bibi.

5. Jibu la kiotomatiki. Mpangilio huu ni wa watu wanaokwenda likizo. Honi aliuona, akaniomba nimwandikie: "Nipo njiani, nakuja." Basi mteja akiuliza kochi liko wapi, saa yoyote, Honi akiwa amelala au anacheza bao, anajibiwa papo hapo kwamba yupo njiani. Mjomba alisema haya ndiyo maendeleo, akaamuru Mama Mdogo naye awekewe lake: "Asante, nimekupata, nitakujibu kwa moyo wote."

Mwisho wa juma Honi alimtumia Mama Mdogo picha ya kitambaa. Jibu la Mama Mdogo likaenda, la Honi likarudi, la Mama Mdogo likaenda tena, na programu yenu, ambayo iliiona barua ya mkasi kuwa utapeli, katika hili haikuona tatizo lolote. Jumatatu Mama, ambaye ndiye mshonaji wetu, alifika kwenye cherehani yake karibu na kompyuta, akaona jinsi "Nipo njiani, nakuja" na "nitakujibu kwa moyo wote" zilivyojaza skrini. Akaniita pembeni, akaniambia haiwezekani watu wazima waandikiane hivyo siku mbili mfululizo pasipo na jambo. Nilijaribu kumweleza. Akasema mimi bado mdogo. Honi naye alipoambiwa kwamba kuna jambo, akaanza kuja kazini amepiga pasi. Nilifaulu kulizima jibu la Mama Mdogo. La Honi bado lipo, alikataa katakata. Naomba msimamizi awekewe njia ya kuyakatiza majibu kama hayo, na nyingine ya kumweleza Mama.

6. Hili ndilo lililonifanya niandike. Yote niliyotaja ningeweza kuyavumilia.

Nimepata nafasi chuoni kusomea upimaji wa ardhi. Chuo kiko mji mwingine na kinafunguliwa Jumatatu ijayo. Niliwahi kuwaona wapimaji wakiwa kazini: mmoja amesimama huku na chombo chenye miguu mitatu, mwenzake yuko kule mbali ameshika fimbo, wanapungiana mikono, na hakuna anayelazimika kusema neno. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu.

Nyumbani tulikaa kulizungumza. Mama alifurahi. Mama Mdogo alinishonea begi kwa kitambaa kilichobaki kwenye kochi la daktari. Mjomba akasema yeye hana neno, ila nani atasimamia? Nikajibu kwamba nitajiondoa kwenye programu na mwingine atashika. Akasema, "Haya, jiondoe tuone." Nikabonyeza "Ondoa" wote wakiwa wamenizunguka. Programu yenu ikajibu kwa maandishi mekundu: "Haiwezekani. Msimamizi wa pekee hawezi kuondolewa."

Ndugu zangu, hamkuwepo. Hamkuuona uso wa Mjomba. Alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakuifungua. Aliyachapisha maneno hayo, akayabandika ukutani juu ya bei za makochi, na sasa nikigusia chuo ananionyesha ukuta bila kuacha kupigilia misumari. Anasema hana ubaya na masomo, lakini kama watu wa mbali, wasionijua hata kwa sura, wameona siwezi kuondolewa, yeye ni nani?

Wala si mkatili. Siku ileile alianza kunitengenezea kiti cha kukalia mbele ya kompyuta, chenye mgongo mrefu na sponji mbili. Ni kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Ndiyo maana siwezi kumwambia kwa mdomo kwamba sitaki kukikalia.

Najua mtasema niongeze msimamizi wa pili. Nimejaribu. Nilituma mwaliko kwa kila mmoja, hata kwa Bibi, maana haikuwa adabu kuwaalika watoto wake na kumruka yeye. Lakini mwaliko wenu wenyewe umeandikwa "Bonyeza hapa kukubali", kwa hiyo mialiko yote iliangukia Taka. Niliwaomba wakaitafute huko. Mama Mdogo akasema mtu wa heshima haokoti kitu jalalani. Honi akasema kuendesha na kusimamia ni leseni mbili tofauti. Mama akasema macho yake ni ya cherehani tu. Mjomba akasema karakana ni yake, hawezi kuwa msimamizi wa kitu ambacho ni chake.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kabla ya Jumatatu. Ombi la kwanza ni jepesi: yale maandishi mekundu yabadilishwe yasomeke, "Anaweza kwenda. Waliobaki watajifunza." Rangi iwe kijani. La pili, kuwe na kitufe cha "Kabidhi", ambacho nikikibonyeza cheo kinahamia kwa mtu yeyote aliye karibu na kompyuta wakati huo, hata kama amekuja kuchukua uzi. Kama hilo ni gumu, basi andikeni barua rasmi kwa Mjomba kumwarifu kwamba muda wangu umekwisha. Iwe na muhuri. Mjomba haamini sana maneno lakini muhuri anauheshimu. Karatasi yenye muhuri huwa anaishika kwa mikono miwili. Na kama hamna muhuri, naona hakuna njia nyingine ila mmoja wenu aje akae hapa awe msimamizi, kwa kuwa sheria hii mliitunga ninyi. Hatapata shida. Kiti kipo, na hakijakaliwa na mtu. Chumba changu kitakuwa wazi. Atalazimika tu kuwafungulia watu Taka, kusuluhisha habari ya mkasi, na kutoa ruhusa za meno. Ikiwezekana aje mtu asiye na haya, maana wenye haya tumeshajaribu.

Nawasalimu nyote mnaoandika programu hii bila malipo, pamoja na familia zenu ambazo bila shaka nazo zinawauliza mnapata nini. Msalimieni pia aliyetafsiri maneno yenu kwa Kiswahili. Mwambieni tumempokea vizuri, isipokuwa kwa lile neno moja. Mama anawasalimu kutoka kwenye cherehani, na Mama Mdogo anauliza kama ninyi ndio wa lile gari.

Ni mimi, ninayetumaini kuacha kuitwa hivi,
Msimamizi wa Pekee

Nyongeza: Tafadhali msifanye lolote kati ya hayo niliyoomba. Barua hii niliiandika kwanza kwa kalamu, kama tulivyofundishwa shuleni. Leo asubuhi nilipotaka kuingia niipige chapa, programu ikaniambia: "Mtumiaji huyu hayupo." Nikajaribu tena nenosiri langu taratibu, herufi moja moja. Sipo.

Kumbe jana nilipokuwa nimekwenda kununua sabuni ya safari, Bibi alifunguliwa Taka na Honi. Akaukuta mwaliko wangu, akausoma wote, akabonyeza hapa, kwa sababu mtu akikukaribisha kwa adabu unakubali. Hapohapo akawa msimamizi. Orodha ilipofunguka akauliza huyu anayesikitika juu yake ni nani. Akaliondoa lile Aaa. Kisha akashuka mpaka chini kabisa, akaliona jina langu na kitufe pembeni yake. Programu ikamuuliza, "Una hakika unataka kumfuta mtumiaji huyu?" Honi anasema Bibi aliijibu kwa mdomo kwanza, kana kwamba kuna mtu ndani: "Nina hakika. Huyu anakwenda shule." Ndipo akabonyeza. Safari hii maandishi mekundu hayakutokea, maana sikuwa tena wa pekee.

Mjomba aliposikia, alikwenda akasimama mbele ya mama yake. Akageuka, akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akakileta kile kiti cha mgongo mrefu, akamkalisha Bibi.

Nilidhani nitafurahi. Lakini tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza chochote. Mteja ameingia akitaka kumwona msimamizi, na vidole vyote vimenipita. Mama Mdogo amekwenda na chai yake kukagua sharti lake kwa Bibi, wakacheka kitu nisichokijua. Sasa naiona hekima ya sheria yenu. Naomba muiache ilivyo, na mkiweza muiongezee kwamba hata msimamizi asiye wa pekee asifutwe kabla hajaagwa. Na kama kuna kitufe cha kumrudisha mtu aliyefutwa, mnijulishe kiko wapi. Sitakibonyeza. Nataka tu kujua kwamba kipo.

Barua hii naituma kwa anwani ya Honi, kwa kuwa yangu haipo na begi langu liko mlangoni. Mkinijibu, papo hapo mtapokea maneno haya: "Nipo njiani, nakuja." Yakiwa ya Honi msiyaamini. Lakini kesho, kwa upande wangu, yatakuwa kweli.